Kinga na Kinga: Jinsi Nusu ya Geita Ilivyouzwa

Katikati ya mwaka 2000 mgodi mpya wa Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, ulianza kutoa dhahabu. Vilima vile havikuwa vigeni kwa machimbo. Kati ya 1936 na 1966 palikuwa na mgodi wa chini kwa chini uliotoa karibu wakia milioni moja, kisha ukafungwa. Safari hii zilikuja mashine za kuchimba mashimo ya wazi, na kampuni iliyozileta ilikuwa imezaliwa Afrika na kuongozwa na Mwafrika: Ashanti Goldfields ya Ghana.

Kabla mwaka huo haujaisha, nusu ya mgodi ilikuwa imeuzwa. Mnunuzi alikuwa AngloGold ya Afrika Kusini, na bei ilikuwa dola milioni 205, mbali na mkopo wa ujenzi wa mgodi uliopangwa upya. Wahandisi hawakukosea mahesabu na dhahabu haikuwa haba. Nusu ya Geita iliuzwa na makaratasi yaliyosainiwa mbali sana na Geita, na ajabu ni kwamba makaratasi yale yalitengenezwa ili kuikinga kampuni na hasara.

Kuyaelewa, si lazima kuanzia London. Tuanze jirani tu, Kagera, ambako kuna neno butura. Mkulima ana kahawa shambani, imetoa maua, lakini ada ya shule inadaiwa leo na mgonjwa yuko hospitali leo. Anakuja mwenye fedha, anamlipa papo hapo, na msimu ukifika anachukua kahawa kwa bei waliyopatana siku ya maua. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi kwa kuwa bei ya siku ya maua huwa ya kumnyonya mkulima. Lakini ukiondoa unyonyaji, kinachobaki ni wazo la zamani ambalo masoko makubwa ya dunia yamejengwa juu yake: bei inapangwa leo, mali inatolewa kesho. Wafanyabiashara wa mchele wa Dojima, Osaka, walikuwa wakilifanya kwa idhini ya watawala wa Japani tangu 1730. Wenzao wa nafaka wa Chicago walianzisha soko lao mwaka 1848. Mikataba ya namna hii leo huitwa derivativu, kwa kuwa yenyewe haina thamani. Thamani yake inatokana na kitu kingine, iwe mchele, kahawa, riba, fedha ya kigeni au dhahabu.

Kwa miaka mingi dhahabu haikuhitaji mikataba ya aina hiyo, kwa sababu bei yake haikuwa ikitikisika. Tangu 1934 wakia moja ilikuwa dola 35, na mkutano wa Bretton Woods wa 1944 uliifanya bei hiyo kuwa kigingi cha fedha zote: dola ilifungwa kwenye dhahabu, na fedha nyingine zikafungwa kwenye dola. Aliyeuza pamba Uingereza au kununua matrekta Ujerumani alijua pauni na maki zitamgharimu kiasi gani mwakani. Jumapili ya tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alitokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba Marekani haitabadilisha tena dola kwa dhahabu. Kigingi kiling'oka, na ng'ombe wote wakatawanyika.

Mtu mmoja mjini Chicago aliiona biashara katika mtawanyiko ule. Leo Melamed alizaliwa Poland mwaka 1932, akaukimbia utawala wa Wanazi akiwa mtoto pamoja na wazazi wake kupitia Lithuania, Siberia na Japani. Mwaka 1971 alikuwa akiongoza soko la Chicago Mercantile Exchange, lililoanza maisha yake kwa siagi na mayai na wakati huo likijulikana kwa nyama ya nguruwe. Melamed alijiuliza: kama mfugaji anaweza kuuza nyama ya mwezi wa sita leo, kwa nini mwenye kiwanda asinunue yen za mwezi wa sita leo? Wazo lilionekana la kihuni, basi akamlipa mchumi Milton Friedman aandike kulitetea. Tarehe 16 Mei 1972 soko la fedha za kigeni likafunguliwa, na pauni, maki na yen zikaanza kupigiwa kelele mahali pale pale palipozoea nyama. Siku ya mwisho ya 1974 mikataba ya dhahabu nayo ikaanza kuuzwa New York. Tangu hapo hatari ya bei ikawa bidhaa: asiyeitaka anaweza kumuuzia anayeitaka. Shilingi zetu ziliendelea kupangiwa viwango na serikali, hadi zilipoachiwa soko katika miaka ya 1990.

Dhahabu iliyoachiwa huru ilipaa mpaka dola 850 Januari 1980, kisha ikaanza kuteremka, na mteremko ule ulichukua karibu miaka 20. Kwa mwenye mgodi hilo ni balaa. Mishahara, dizeli na madeni havishuki kwa kuwa dhahabu imeshuka. Ndipo mabenki yakaja na dawa, na inafaa kuitazama kwa karibu jinsi ilivyochanganywa.

Tuseme wakia leo ni dola 300, na mgodi unataka kuuza wakia itakayochimbwa mwakani. Benki inakwenda kwa benki kuu ya nchi fulani, ambayo ina dhahabu imelala ghalani bila kuzaa, na kuiazima kwa riba ndogo, tuseme asilimia 1.5. Inaiuza sokoni leo, inapata dola 300, inaziweka mahali zinapozaa asilimia 5. Mwakani mgodi utaleta wakia yake, nayo itarudishwa kwa benki kuu. Tofauti ya riba ni asilimia 3.5, yaani dola 10.50. Kwa hiyo mgodi unaahidiwa dola 310.50 kwa wakia ambayo leo ni dola 300, na hata bei ikianguka hadi 250, ahadi iko palepale. Wakati soko linateremka, dawa ile ilikuwa tamu kuliko asali. Lakini ilikuwa na mambo mawili ambayo wagonjwa hawakuyatilia maanani sana. Kwanza, kila wakia iliyoazimwa iliuzwa sokoni siku hiyohiyo, kwa hiyo kinga yenyewe iliisukuma bei chini na kuwaogopesha wengine wakimbilie kinga. Pili, mpango wote uliegemea benki kuu za Ulaya kuendelea kuazimisha dhahabu kwa bei ya chee.

Ashanti ilikuwa miongoni mwa waliojikinga sana. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1897 kuchimba Obuasi, katika nchi ya Waashanti, na ilipitia mikononi mwa Waingereza kabla ya serikali ya Ghana kuchukua sehemu yake. Sam Jonah alikulia Obuasi, akafanya kazi ya kibarua mgodini, akaenda Uingereza kusomea uhandisi wa migodi, na mwaka 1986 akawa mkuu wa kampuni akiwa na umri wa miaka 36. Chini yake Ashanti iliuza hisa London na Accra mwaka 1994, na mwaka 1996 ikawa kampuni ya kwanza inayoendesha shughuli zake kusini mwa Sahara kuorodheshwa katika soko la hisa la New York. Ikatoka nje ya Ghana. Mwaka 1996 iliinunua kampuni ya Cluff Resources, na ndani ya kapu hilo mlikuwa na Geita. Mwaka 1998 ikainunua Samax, iliyokuwa na maeneo jirani ya Kukuluma na Matandani. Mtoto wa Obuasi sasa alikuwa akijenga mgodi Usukumani.

Kujenga kulihitaji mikopo, na benki inayokopesha mgodi hupenda kuona bei ya dhahabu imefungwa kabla haijatoa fedha. Kufikia 1999 daftari la kinga la Ashanti lilikuwa na ahadi za takriban wakia milioni 10. Uzalishaji wake wa mwaka ulikuwa kama wakia milioni 1.5. Yaani dhahabu ya zaidi ya miaka sita ilikuwa imeshawekwa kwenye mikataba, karibu nusu ya akiba yote iliyojulikana kuwa ardhini.

Wala haikuwa mikataba ya kawaida tu kama ule wa dola 310.50. Kampuni inayoogopa bei kushuka inaweza kununua haki ya kuuza: bei ikianguka chini ya kiwango fulani, benki italazimika kununua kwa kiwango hicho. Haki hiyo ina gharama, kama ilivyo bima. Ili kuepuka kutoa taslimu, Ashanti iliziuzia benki haki ya kinyume, ya kununua: bei ikipanda kupita kiwango fulani, benki itachukua dhahabu kwa kiwango hicho, si kwa bei ya soko. Malipo ya haki moja yakafidia gharama ya nyingine. Mwavuli ulilipiwa kwa kuweka jua rehani. Juu ya hayo, katika sehemu ya mikataba, Ashanti ilibeba yenyewe hatari ya riba ya kuazima dhahabu kubadilika. Goldman Sachs ilikuwa mshauri wake na wakati huohuo mojawapo ya benki zilizokaa upande wa pili wa mikataba.

Mambo yalionekana kunyooka mwaka 1999, kwa maana kwamba yalizidi kuwa mabaya kwa wasio na kinga. Tarehe 7 Mei hazina ya Uingereza ilitangaza kwamba itauza kwa mnada tani 415 kati ya tani 715 za akiba yake. Uswisi nayo ilikuwa ikijitayarisha kuuza tani 1,300, na Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa na mpango wa kuuza yake ili kuzipunguzia madeni nchi maskini, baadhi yao zikiwa ndizo zinazoishi kwa dhahabu. Katika mnada wa kwanza wa Uingereza, tarehe 6 Julai, tani 25 ziliuzwa kwa dola 261.20 kwa wakia.

Bei ya dhahabu ya dunia siku zile ilipangwa kwa namna ambayo mtu wa leo anaweza kudhani ni mchezo wa watoto. Mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, watu watano kutoka kampuni tano walikaa katika chumba kimoja cha benki ya Rothschild huko London. Kila mmoja alikuwa na simu na bendera ndogo ya Uingereza mezani. Mwenyekiti alitaja bei, wale watano wakaulizana na wateja wao kwa simu. Ambaye hajamaliza kuuliza alisimamisha bendera yake, na bei haikuweza kupitishwa mpaka bendera zote zilale. Kikao cha namna hiyo kilianza mwaka 1919. Mwishoni mwa Agosti bendera zililala kwenye bei ya dola 250 na ushee. Aliyekuwa na daftari la kinga alilala usingizi mnono: kadiri dhahabu ilivyoshuka, ndivyo ahadi za dola 300 na kitu zilivyozidi kuwa mali, na Ashanti ilihesabu faida ya mamilioni kwenye makaratasi.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 26 Septemba. Magavana wa benki kuu walikuwa Washington kwa mikutano ya kila mwaka ya Shirika la Fedha na Benki ya Dunia. Benki kuu 15 za Ulaya zilitoa tamko fupi. Kwa miaka mitano mauzo yao hayatazidi tani 400 kwa mwaka, na tani 2,000 kwa jumla. Aya iliyofuata ndiyo iliyouma: hawataongeza kiasi cha dhahabu wanachoazimisha wala matumizi yao ya derivativu za dhahabu.

Ijumaa iliyotangulia wakia ilikuwa chini ya dola 270. Jumatatu soko likafunguka na kila aliyekuwa na dhahabu ya kuazima akatafuta pa kuipata airudishe. Riba ya kuazima, iliyokuwa asilimia moja au mbili, iliruka hadi kukaribia asilimia 10. Migodi iliyoahidi dhahabu ilikimbia kununua ili ijitoe kwenye ahadi, na kila iliponunua ilipandisha bei na kumlazimisha jirani naye anunue. Wahenga waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo walikuwa na kinga kingine akilini, kile kipande cha kuni chenye moto. Wiki ile methali ingefaa kwa kinga zote mbili. Tarehe 5 Oktoba wakia ilifika dola 325.

Hapa ndipo penye kiini cha mkasa. Mtu atauliza: kampuni ya dhahabu inafilisikaje kwa dhahabu kupanda bei? Chukua wakia 1,000 tu. Umeahidi kuziuza kwa dola 300. Bei ikiwa 270, mkataba wako una faida ya dola 30,000. Ikiwa 325, una hasara ya dola 25,000. Lakini ni hasara ya karatasi. Dhahabu yako bado iko ardhini; muda ukifika utaichimba, utaipeleka, utalipwa 300 zako na mishahara italipika. Ulichokosa ni raha ya kuuza kwa 325. Kinga imefanya kazi yake.

Isipokuwa benki haikutaka kungoja. Katika mikataba ya Ashanti mlikuwa na kifungu kwamba hasara ya karatasi ikipita kiwango fulani, kampuni italeta amana, taslimu, sasa. Siku chache za mwanzo wa Oktoba ziligeuza daftari lililokuwa na faida kuwa shimo la zaidi ya dola milioni 400, kwa sababu zile haki za kununua zilizouzwa kwa benki ziliamka zote kwa pamoja, na riba ya kuazima nayo ikatafuna upande wake. Benki zikadai amana ya kama dola milioni 270. Ashanti ilikuwa na mamilioni ya wakia chini ya ardhi ya Ghana na Tanzania, lakini hakuna benki inayopokea mwamba kama amana. Bei ya hisa ikaporomoka. Kampuni ambayo mali yake ilikuwa imepanda thamani kwa moja ya tano katika siku tisa ilikuwa ukingoni mwa kufilisika.

Wanyemelezi hawakukosekana. Lonmin, iliyomiliki karibu theluthi moja ya hisa, ilitoa ofa ya kuichukua kampuni yote. Serikali ya Ghana, yenye karibu moja ya tano na haki ya kuzuia uamuzi mkubwa, haikukubali kirahisi. Mwana wa mfalme wa Saudi Arabia, Alwaleed bin Talal, naye alionyesha nia. Hatimaye mwanzoni mwa Novemba benki na kampuni zilipatana. Kwa miaka mitatu benki hazitadai amana. Badala yake zilipewa haki ya kununua hisa hadi asilimia 15 ya kampuni kwa bei iliyopangwa. Mikataba yenyewe ilibaki. Kilichobadilika ni kwamba Ashanti iliruhusiwa kungoja.

Madeni ya haraka bado yalihitaji fedha, na Ashanti ilikuwa na kitu kimoja kipya ambacho kila mtu alikitamani. Ndiyo maana Juni 2000, Geita ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutoa dhahabu, nusu yake ilikuwa mezani, na Desemba ikahama. Ashanti haikupata tena nguvu ya kusimama peke yake. Mwaka 2004 iliungana na AngloGold, ikazaliwa AngloGold Ashanti, na Geita nzima ikawa chini ya jina hilo. Wenye kucheka walicheka mapema mno, kwa kuwa ugonjwa haukuwa wa Waafrika. Cambior ya Kanada ilikumbwa na pigo lilelile katika wiki zilezile. AngloGold Ashanti yenyewe ilifunga daftari lake la kinga Oktoba 2010, wakia ikiwa imepita dola 1,300, kwa gharama ya mabilioni. Barrick, inayojulikana kwetu kwa Bulyanhulu, ilikuwa imeanza kujikomboa mwaka mmoja kabla kwa kuuza hisa mpya za mabilioni ya dola.

Na Nairobi ilionja kwa upande wa pili. Kenya Airways ilijikinga na bei ya mafuta ilipokuwa ikipaa. Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Mikataba ya kununua ghali ikabaki, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 shirika likatangaza hasara ya takriban shilingi za Kenya bilioni 4.

Ni rahisi baada ya hapo kusema derivativu ni kamari na kufunga mjadala. Lakini mgodi usio na kinga kati ya 1980 na 1999 ungeweza kufa kwa njia nyingine, polepole, na Geita huenda isingejengwa kabisa, maana hakuna ambaye angeikopesha. Kosa halikuwa kuuza dhahabu kabla ya kuichimba. Lilikuwa kuuza nyingi mno, kulipia bima kwa kutoa ahadi za kinyume, na zaidi ya yote kusaini kifungu kinachodai fedha kabla ya mavuno. Mnunuzi wa butura, kwa ubaya wake wote, husubiri kahawa iive. Akiona bei imepanda mapema haji na gunia kuchukua maua. Benki za mwaka 1999 zilikuja na gunia. Ili zikubali kurudi nyumbani na kungoja msimu, zilitaka sehemu ya kampuni, na nusu ya Geita ikaenda kwa AngloGold.